Riboni ya Excel imepotea? Usikimbilie kupiga Windows

Msimu wa korosho ukianza Oktoba, kompyuta za AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) kuanzia Tandahimba hadi Nachingwea zinaamshwa karibu zote kwa mpigo, na mafundi wa steshenari za Mtwara mjini wanaanza kusikia lalamiko lilelile: "Excel imeharibika, vitufe vya juu havionekani." Dawa ya haraka kwa wengi ni kupiga Windows upya, yaani kuifuta na kuisakinisha tena. Kwa tatizo hili ni kuchoma nyumba ili kuua panya, na kama mafaili hayakunakiliwa kwanza, orodha ya wakulima inaondoka nayo.

Riboni ni ule ukanda mpana wa vitufe uliokuja na Office 2007, wenye vichupo vya Home, Insert na kuendelea. Kabla ya kugusa chochote, itazame vizuri: imefichwa, imebanwa, au imechorwa vibaya? Tiba ya moja haisaidii nyingine.

Imefichwa. Majina ya vichupo yapo lakini vitufe havipo? Bonyeza Ctrl na F1. Kwenye laptopu ambazo F1 imepewa kazi ya sauti au mwanga, ongeza Fn. Chanzo ni kubofya mara mbili juu ya jina la kichupo, jambo ambalo mkono wenye haraka hulifanya bila mwenyewe kujua. Ikiwa hata vichupo vimetoweka, bofya ukingo wa juu kabisa wa dirisha, riboni ishuke, kisha fungua Ribbon Display Options uchague vichupo na vitufe vionekane daima. Kikikosekana kichupo kimoja tu, nenda File, Options, Customize Ribbon, ukirudishie tiki. Hapohapo kuna Reset all customizations, ila inafuta pia vitufe ulivyojipangia kwenye Quick Access Toolbar (ule ukanda mdogo wa njia za mkato), kwa hiyo tumia Import/Export kuhifadhi mpangilio wako kwanza.

Imebanwa. Hapa kundi zima la vitufe limegeuka kitufe kimoja chenye mshale. Hii si hitilafu: riboni hujikunja kulingana na upana inaoupata. Skrini ya 1366 kwa 768 ikiwekwa Scale (ukuzaji wa maandishi na vitufe) ya 150%, Excel inabaki na upana wa kama pikseli 911 tu. Kwa 125% inapata 1093. Fungua Settings, System, Display, rudisha Scale hadi 125% au 100%, na kwenye Display resolution chagua iliyoandikwa Recommended. Kisha toka kwenye akaunti ya Windows na uingie tena, maana programu iliyokuwa wazi inaweza kung'ang'ania vipimo vya zamani. Ikiwa tatizo limeanza baada ya mkutano wa wanachama, mshuku projekta: ukionyesha picha ileile kwenye skrini mbili, laptopu inaweza kushushwa hadi vipimo vya projekta. Bonyeza kitufe cha Windows na P, chagua PC screen only.

Imechorwa vibaya. Mabaka meusi, alama zenye ukungu, vitufe vinavyojitokeza pale tu kipanya kinapopita juu yake: hapa ndipo muda mwingi unapopotea. Anza na Windows+Shift+S, piga picha ya skrini, itume kwenye simu. Kasoro ikionekana na kwenye simu, tatizo ni la programu au draiva (programu ndogo inayoendesha kifaa, hapa skrini). Picha ikiwa safi, achana na Excel. Kagua waya na kioo chenyewe. Kwa kompyuta zinazokaa karibu na bahari, kama za Mikindani au Lindi mjini, angalia pia kutu kwenye pini za waya.

Kama ni programu, bonyeza Windows+Ctrl+Shift+B. Skrini itazima kidogo na kuwaka huku draiva ya grafiki ikianzishwa upya. Kazi yako haifungwi. Isipotosha, bonyeza Windows+R, andika excel /safe, ukiacha nafasi kabla ya mkwaju. Riboni ikikaa sawa huko, washukiwa ni wawili. Wa kwanza ni grafiki: File, Options, Advanced, shuka hadi Display, weka tiki kwenye Disable hardware graphics acceleration, funga Excel na uifungue tena. Wa pili ni programu-jalizi, zile nyongeza zinazojipachika ndani ya Excel: Options, Add-ins, kwenye Manage chagua COM Add-ins, bofya Go, ondoa tiki zote, kisha rudisha moja moja hadi mkosaji ajulikane.

Matoleo mapya mengine hayana tena kile kisanduku cha grafiki. Basi fungua Device Manager, Display adapters. Ukikuta Microsoft Basic Display Adapter, draiva halisi haipo kabisa, na hali hiyo huachwa mara nyingi na huko huko kupiga Windows. Pakua draiva kutoka tovuti ya mtengenezaji wa laptopu, kwa namba ya modeli iliyo chini yake.

Riboni ikivurugika pale tu unapohamisha dirisha kwenda skrini ya pili, nenda Options, General, chagua Optimize for compatibility, kisha uanzishe Excel upya.

Vitufe vya kijivu ni habari nyingine. Bonyeza Esc, huenda bado unaandika ndani ya seli. Kama faili limetoka kwenye barua pepe, bofya Enable Editing. Angalia pia kama shiti imefungwa kwa nenosiri, na kwenye File, Account kama leseni imeisha.

Wanaotumia LibreOffice: riboni ipo View, User Interface, Tabbed. Ikichoreka vibaya, Tools, Options, LibreOffice, View, washa Force Skia software rendering.

Yote yakigoma, fungua Control Panel, Programs and Features, chagua Office, Change, Quick Repair. Hii haihitaji intaneti. Online Repair inapakua Office upya, kwa hiyo usiibofye ukiwa na bando la simu.