Kibodi ya Kukunjwa na Simu: Kuandika Kumbukumbu za Mkutano Bila Kompyuta

Makatibu wengi wa vyama na vikundi huku Kisumu, Ahero na Muhoroni huandika kumbukumbu mara mbili. Kwanza kwa kalamu mkutano ukiendelea, kisha usiku nyumbani kwa kidole gumba kwenye simu, au kesho yake saiba (duka la kompyuta na intaneti) kwa malipo. Maneno hupotea katika ule uandishi wa pili. Jina la aliyeunga mkono azimio husahaulika, na kiasi cha pesa husomeka vingine kwa sababu mwandiko ulikuwa wa haraka.

Mimi huandika mara moja tu, pale pale mkutanoni, kwa simu na kibodi ya Bluetooth inayokunjwa ikaingia kwenye mfuko wa koti. Si lazima simu iwe ya bei ghali. Kuna mambo mawili tu ambayo watu huyapuuza na baadaye hulalamika kwamba kibodi ni mbovu: mpangilio wa herufi, na mahali pa kuiweka. Hayo nitayakalia zaidi.

Hatua ya kwanza: ijaribu dukani kabla ya kulipa

Ziko za aina mbili kuu. Moja hukunjwa katikati kama kitabu. Nyingine hukunjwa mara tatu, mabawa mawili yakilalia sehemu ya kati. Kwenye kibodi ya kawaida ya kompyuta, kutoka katikati ya kitufe kimoja hadi katikati ya jirani yake ni kama milimita 19. Kibodi za kukunjwa hupunguza hapo, na aghalabu vitufe vya pembeni ndivyo vinavyoumia.

Kwa anayeandika Kiswahili, hilo ni jambo zito. Herufi A ndiyo tunayoipiga kuliko zote, nayo iko pembeni kushoto, chini ya kidole cha mwisho. Kitufe cha A kikiwa kimebanwa sana na jirani yake Caps Lock, utajikuta umeandika nusu ya sentensi kwa herufi kubwa. Basi ukiwa dukani, omba kuunganisha kibodi na simu yako, uandike:

Ng'ombe wa mgeni atakunywa maji ya bomba hapa.

Sentensi hiyo inagusa T, G, B, Y, H na N, herufi zilizo karibu na bawaba ya kibodi inayokunjwa katikati. Pia ina ritifaa ya ng', ambayo kwenye baadhi ya kibodi ndogo imefichwa na huwezi kuipata bila kushikilia kitufe cha Fn, kile kinachobadilisha kazi ya vitufe vingine. Ikiwa ritifaa inahitaji vidole viwili, mimi singeichukua. Majina ya watu na mahali pa huku yamejaa ng'. Papasa pia F na J: vinapaswa kuwa na kijinundu kila kimoja, ili vidole vijue nyumbani bila macho kuinama.

Fungua na ukunje mara kadhaa. Bawaba isilegee, na taa iwake kila unapofungua.

Angalia na tundu la chaji. Likiwa la USB-C, tumia waya ambao kichwa chake cha upande wa chaja ni kile kipana cha mstatili, USB-A. Kibodi nyingi za bei nafuu hazikuwekewa rizista mbili ndogo zinazoijulisha chaja ya USB-C itoe umeme, kwa hiyo waya wenye vichwa vya USB-C pande zote mbili hauzichaji kabisa. Watu huzirudisha dukani wakidhani betri imekufa.

Hatua ya pili: kuioanisha na simu

Chaji kwanza mpaka ijae. Ifungue, kisha shikilia Fn pamoja na kitufe chenye alama ya Bluetooth. Kwenye nyingi alama hiyo iko juu ya C au juu ya namba. Taa ikianza kumetameta, nenda kwenye mipangilio ya simu, upande wa vifaa vilivyounganishwa, uchague kuoanisha kifaa kipya. Jina la kibodi likitokea, liguse.

Hapa wengi hukwama: simu huonyesha namba, mara nyingi tarakimu sita, nao husubiri. Namba hiyo huandikwa kwenye kibodi yenyewe, kisha unabonyeza Enter. Si kila kibodi huiomba, lakini ikiiomba haitaunganishwa mpaka uiandike.

Baadhi ya kibodi zina hali tofauti kwa Android, kwa iPhone na kwa Windows, zilizochorwa kwa alama ndogo juu ya herufi. Ctrl+C ikikataa kunakili, au vitufe vikifanya mambo ya ajabu, kagua hapo kabla ya kulaumu simu.

Ukishaoanisha, kazi hiyo imeisha. Siku nyingine unafungua tu kibodi na inajiunga yenyewe, mradi Bluetooth ya simu imewashwa. Lakini ijue tabia hii: ikikaa dakika kadhaa bila kuguswa hulala ili kutunza betri, na herufi ya kwanza au mbili za kuiamsha zinaweza kupotea. Dawa yake ni Shift. Mwenyekiti anapoinuka kusema, bonyeza Shift mara moja. Inaamsha kibodi bila kuandika chochote.

Hatua ya tatu: mpangilio wa herufi

Bonyeza Shift pamoja na 2. Umepata @ au alama ya kufungulia usemi? Kisha Shift na 3. Umepata # au alama ya pauni ya Uingereza?

Kibodi nyingi zinazouzwa kwetu zimechapwa kwa mpangilio wa Marekani, wenye @ juu ya 2. Simu ikidhani kibodi ni ya Uingereza, @ na alama za usemi hubadilishana mahali, na unapotaka # unapata pauni. Kibodi haina kosa. Simu ndiyo inayosoma kwa ramani nyingine. Kwenye Android, nenda mipangilio, mfumo, lugha, kisha kibodi halisi. Gusa jina la kibodi yako na uchague Kiingereza cha Marekani. Simu zingine huuficha ukurasa huu mahali pengine, hivyo tumia kisanduku cha kutafuta kilicho juu ya mipangilio.

Kwenye ukurasa huo huo kuna chaguo la kuacha kibodi ya skrini ionekane hata kibodi halisi inapotumika. Lizime, upate skrini nzima ya kusomea. Ila namba ya siri ya M-PESA iandike kwenye skrini daima, simu ikiwa mkononi. Kibodi iliyo wazi mezani inaonyesha vidole vyako kwa kila aliyeketi karibu.

Zima pia masahihisho ya Kiingereza kwenye programu unayoandikia. Jina la mwanachama likibadilishwa kimyakimya, kumbukumbu zimeharibika.

Hatua ya nne: pa kuiweka

Kama kuna meza, hakuna la kusema. Lakini mikutano yetu mingi huwa chini ya mwembe, kwenye hema, au katika ukumbi wa kanisa wenye viti vya plastiki pekee. Kibodi ya kukunjwa ukiiweka mapajani hujikunja katikati ya neno. Beba kitu kigumu na bapa: ubao mwembamba wa kutosha kibodi na simu, au faili ngumu ya ofisini. Bandika vipande vya mpira chini ya ubao ili usiteleze juu ya nguo. Huu ubao ndio uliobadilisha uandishi wangu kuliko kibodi yenyewe, na fundi seremala yeyote atakukatia kutoka kwenye mabaki.

Simu isimame, isilale. Ikilala, shingo inainama na macho yanawaacha wanaozungumza. Kishikio cha kukunja kinatosha.

Jioni karibu na ziwa, wale wadudu wadogo wa ziwani hufuata mwanga wa skrini na kuanguka kwenye vitufe. Punguza mwangaza, na ukimaliza ipindue kibodi na uipigepige taratibu kabla ya kuikunja. Mvua ya alasiri ikianza kunusia, iweke mfukoni mapema. Kibodi hizi kwa kawaida hazikutengenezwa kustahimili maji. Ndani ya matatu ya Nakuru sijishughulishi nayo. Huko nasahihisha kwa kidole tu.

Hatua ya tano: andaa kiolezo kabla ya mkutano

Usianze na ukurasa mtupu. Tengeneza hati yenye vichwa vyote tayari: waliohudhuria, waliotuma udhuru, waliokosa bila udhuru, waalikwa, ajenda, kisha KUMB 1, KUMB 2 na kuendelea, yatokanayo na mkutano uliopita, masuala mengineyo, na kufungwa kwa mkutano. Majina ya wanachama yawe yameshaandikwa. Mkutanoni unayahamisha tu kutoka orodha moja hadi nyingine.

Kuhamisha kwenye Android ni hivi: weka kishale mwanzo wa jina, shikilia Shift na ubonyeze End ili mstari wote uchaguliwe, kisha Ctrl+X, shuka kwa mishale, Ctrl+V. Ctrl na mshale wa pembeni huruka neno zima. Ctrl+Z hurudisha ulichofuta. Ctrl+B hukoza herufi. Itumie kwa maazimio, ili mweka hazina akitafuta kiasi kilichopitishwa akione upesi. Alt+Tab hukupeleka programu nyingine na kukurudisha, jambo la msaada mtu akisema, "Katibu, hebu tusomee tulipatana nini mwezi jana."

Ukitumia Google Docs, ruhusu hati hiyo ipatikane bila intaneti ukiwa bado mjini. Usiandike kumbukumbu moja kwa moja ndani ya WhatsApp, kwani kulingana na mipangilio Enter inaweza kutuma aya ambayo haijaisha kwa kikundi kizima.

Hatua ya sita: mkutano ukianza

Weka simu katika hali ya kutosumbuliwa. Hali ya ndegeni nayo inafaa, ila mara nyingi huzima Bluetooth, kwa hiyo washa Bluetooth tena papo hapo.

Usijaribu kunasa kila neno. Andika nani alipendekeza, nani aliunga mkono, kiasi gani, kufikia lini, na nani atatekeleza. Kwa vile mikono inajua njia, macho yako huru kuona mama aliyeinua mkono nyuma na kupitwa. Nami humwambia mwenyekiti, "Mzee, kuna mama hapo anaomba nafasi." Anayeinamia daftari hawezi kuona hilo, na sauti ya yule mama haitaingia kwenye kumbukumbu.

Kabla ya sala ya kufunga, omba dakika chache usome maazimio kwa sauti. Sahihisha hapo hapo, kila mtu akisikia.

Kisha hifadhi kama PDF, itume kwa mwenyekiti, na uchapishe nakala moja saiba yenye nafasi ya sahihi ya mwenyekiti na ya katibu, pamoja na tarehe. Nakala hiyo hutiwa sahihi baada ya kuthibitishwa katika mkutano unaofuata, kwa hiyo ibaki kwenye faili la kikundi, si kwenye simu yako peke yake. Na siku utakapomkabidhi katibu mwingine kibodi, ingia kwanza kwenye orodha ya vifaa vilivyooanishwa katika simu yako, uguse jina la kibodi, na uiambie simu ikisahau kifaa hicho. La sivyo kila atakapoifungua karibu nawe, inaweza kujiunga na simu yako badala ya yake.