Pikipiki ya spoti ya zamani haiwaki? Usianzie kwenye kabureta

Hii ni kwa wenye CBR, GSX-R, ZX-6R, R6 na ndugu zao wa miaka ya 90, zile zenye kabureta nne zimejipanga mstari chini ya tenki. Injekta zilikuja kidogokidogo, GSX-R750 ilizipata 1998, CBR600 na GSX-R600 mwaka 2001, R6 ikasubiri mpaka 2003, kwa hiyo kama chuma chako ni cha kabla ya hapo basi ni cha kabureta na maelezo haya yanakuhusu.

Kinachotokea kila mara ni hiki, chuma kimekaa stoo miezi, mtu anabonyeza stata, injini inazunguka tu haishiki, anaitwa fundi wa bodaboda wa kijiweni na dakika ya kwanza kabureta ziko chini. Simdharau fundi, bodaboda anazijua kuliko mimi, ila kabureta moja ya 125 na nne zilizounganishwa ni habari mbili tofauti kabisa. Ukizitoa bila sababu mipira ya kwenye hedi inarudi imekaa upande, inavuta hewa, na sasa una ugonjwa mpya juu ya ule wa kwanza ambao hata hujaujua. Kabureta ni ya mwisho. Ya mwisho kabisa.

Anza na umeme maana ndo rahisi. Ukibonyeza ikawa kimya kabisa angalia swichi nyekundu ya kuzimia injini ya mkono wa kulia (usicheke, inatokea sana), angalia taa ya N (gia huru) inawaka, bana klachi, pandisha stendi ya pembeni. Swichi ya stendi kwenye hizi za zamani inajaa vumbi na grisi, na dalili yake ni kwamba pikipiki inawaka vizuri ikiwa N halafu ukiweka gia tu inazima japo stendi umeshapandisha. Ikilia tak-tak-tak bila kuzunguka hiyo ni betri au vichwa vyake vimelegea au vina ukungu, safisha na ukaze kwanza kabla hujanunua chochote.

Sasa sikia hapa maana ndo panapowapoteza wengi. Betri inaweza kuzungusha stata na bado isitoshe kutoa cheche, stata inakula karibu umeme wote na koili zinazotengeneza cheche zinabaki na njaa, we unasema mafuta hayafiki kumbe ni betri. Chukua mita, ikiwa imetulia tangu jana betri nzima inasoma 12.6 hadi 12.8, ikisoma 12.2 hiyo ni nusu. Mtu abonyeze stata huku unaangalia, ikishuka chini ya 10 usiendelee kutafuta kitu kingine, chaji au badilisha. Ukitaka kubusti kutoka kwenye gari sawa, ila injini ya gari iwe IMEZIMWA. Na ikishawaka pima tena kwenye rpm 4000 hivi, utake kuona kati ya 13.5 na 14.5. Ikibaki 12 na kitu haichaji, ikivuka 15 regyuleta (inayodhibiti chaji) imekufa na itakuulia hata betri mpya uliyoweka jana.

Umeme uko safi? Haya njoo kwenye mafuta, ila bado hatufungui kitu. Zima sigara, toka nje penye hewa, weka kitambaa na ndoo ya mchanga karibu. Chini ya kila bakuli la kabureta kuna skrubu ya kumwagia na kapua kadogo, chomeka paipu ya kuonyesha, ingiza kwenye chupa, fungua skrubu. Hiki kipimo cha dakika tano kinakwambia karibu kila kitu. Kama hakitoki kitu mabakuli ni makavu, mafuta hayashuki. Yakitoka na matone ya maji yametulia chini ya chupa au unga wa kahawia, tenki lina kutu, na kwa sisi wa pwani tenki lililokaa nusu tupu kushika kutu ni kawaida. Yakitoka ya rangi ya chai yenye harufu ya rangi ya ukuta, hayo yameshaoza, mwaga yote hata ya kwenye tenki weka mapya, usichanganye ukitegemea yatapona.

Na mafuta mapya nunua kituo unachokiamini. EWURA, mamlaka ya nishati na maji ya Tanzania, walianza kuweka vinasaba (alama ya kutambua mafuta halali) mwaka 2010 kwa sababu ya uchakachuaji, na injini ya spoti inayobana sana haivumilii petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa, itawaka kwa shida na ukivuta itagonga.

Kama mabakuli ni makavu mtuhumiwa namba moja ni koki ya mafuta chini ya tenki. Nyingi za hizi zina koki ya vakyumu, yaani hata ukiiweka ON haitoi mafuta mpaka injini izunguke na kuivuta kwa kile kimpira chembamba. Chuma kilichokaa muda mrefu mabakuli yamekauka, kwa hiyo unazungusha stata mpaka betri inakufa kabla mafuta hayajafika. Kama koki yako ina PRI (inapitisha mafuta bila kusubiri injini) iweke hapo sekunde 30 mabakuli yajae, jaribu kuwasha, halafu RUDISHA ON. Ukiisahau kwenye PRI na sindano ya boya (inayofunga mafuta bakuli likijaa) imechoka, mafuta yanapita usiku kucha mpaka kwenye silinda na kwenye oili. Ndo maana kabla ya kubonyeza stata ya pikipiki usiyoijua historia yake nusa kijiti cha oili, ikinuka petroli au kimo kimepanda usiiwashe, toa plagi zote, zungusha injini iteme, mwaga oili. Petroli haibanwi, pistoni ikikutana nayo konrodi ndo inayopinda.

Ukiwa hapohapo chomoa kile kimpira cha vakyumu, kikiwa na mafuta ndani diaframu (utando wa mpira) ya koki imetoboka na silinda moja inakunywa mafuta ya ziada, plagi yake utaikuta nyeusi tii. Nyingine hazina koki hiyo, zina pampu ya umeme, ukifungua swichi unaisikia tik-tik-tik halafu inanyamaza, isiponyamaza kuna sehemu inavuta hewa au tenki tupu, isipolia kabisa cheki fyuzi na rilei.

Inawaka, unatembea vizuri, halafu baada ya kilomita kadhaa inakata kama imeishiwa? Fungua kifuniko cha tenki. Ukisikia fyuuu na ikawaka tena, tundu la hewa la kifuniko limeziba, umepona bure.

Ikiwaka lakini ina mlio wa kulemaa, iwashe ikiwa baridi, dondoshea maji kidogo kila bomba la moshi karibu na injini, ambalo maji hayachemki silinda yake haifanyi kazi. Kwenye zile zenye koili mbili, zikilala silinda 1 na 4 pamoja au 2 na 3 pamoja shuku koili, ikilala moja tu ni plagi au kofia yake.

Choki nayo ina adabu yake. Injini baridi vuta choki yote na USIGUSE eksileta, kwenye hizi kabureta ukifungua eksileta choki inakosa nguvu ya kuvuta mafuta. Ukishailewesha mafuta fanya kinyume, funga choki, fungua eksileta yote, zungusha sekunde tano, pumzisha stata, rudia.

Sasa kama inawaka na choki tu na ukiirudisha inazima, hapo sawa, jeti ndogo (vipande vyenye vitundu vya kupitisha mafuta) zimeziba, fungua kabureta. Tundu la jeti hizo ni kama milimita 0.4, usichokonoe kwa waya mgumu, loweka kwenye dawa ya kabureta, puliza kwa upepo wa kompresa mpaka uone mwanga umepita mviringo. Toa diaframu za mpira kabla hujapuliza dawa, zinavimba. Skrubu za mchanganyiko zifunge taratibu kwanza huku unahesabu mizunguko, andika ya kila moja, ndo utoe. Na bisibisi tafuta ya JIS, skrubu za Mjapani si sawa na ile nyota ya kawaida, ukilazimisha unakula kichwa. Usizitenganishe zenyewe kwa zenyewe, safisha zikiwa zimeungana, na ukirudisha zibalansi kwa geji za vakyumu. Ukiwa na kabureta safi, cheche nzuri na mafuta yanashuka na bado asubuhi inagoma, pima nafasi ya vavu, zikibana sana injini haiwaki ikiwa baridi.

Ukijua utaiacha mwezi au zaidi jaza tenki mpaka juu, mwaga mabakuli kwa zile skrubu za chini, chomoa betri uiweke ndani.