Jinsi ya kusoma Hamlet kupitia muvi bila kupotezwa na muvi yenyewe

Kama umepangiwa Hamlet, tamthilia ya Shakespeare kuhusu mwanamfalme wa Denmark, na kila ukifungua kitabu unakwama, anza na muvi, hakuna ubaya, tamthilia iliandikwa watu waione na waisikie. Ila kila muvi ni jibu la dairekta mmoja, na wewe unachotafuta ni pale alipokata na pale alipohamisha.

Chukua ile ya Laurence Olivier ya 1948. Mwanzoni tu sauti inakwambia hii ni tanzia ya mtu aliyeshindwa kufanya uamuzi. Sentensi hiyo haimo kwenye tamthilia! Ukiiweka kwenye insha kama maneno ya Shakespeare umekwisha. Na pia Rosencrantz na Guildenstern, marafiki wa zamani wa Hamlet, na Fortinbras, mwanamfalme wa Norway, hutawaona humo, kwa hiyo yale mambo ya vita na Norway yanayeyuka, inabaki familia moja na msiba wake.

Sasa fanya hivi. Mara ya kwanza tazama mpaka mwisho bila kusimamisha na usiandike chochote, uijue hadithi tu. Halafu chagua onyesho moja, mi ningeanza na sehemu ya tatu onyesho la kwanza, pale Hamlet anapojiuliza kuwa au kutokuwa. Lisome kwa sauti kwanza, hata kama huelewi yote, halafu rudia muvi ukiwa na kitabu na penseli mkononi, mstari usiotamkwa ukate, uliohamishwa uwekee mshale.

Hapo ndo utamu unapoanza. Kwa Olivier, Hamlet yuko peke yake juu kabisa, bahari chini, na maneno mengine tunayasikia kichwani mwake mdomo ukiwa umefungwa. Na yanakuja baada ya kugombana na Ophelia, msichana anayempenda, wakati kwenye kitabu yanakuja kabla. Badiliko dogo lakini linageuza sababu yote, kwenye muvi unaona kama Ophelia ndo kamfikisha pale, kwenye kitabu alishaingia na mawazo hayo moyoni.

Kisha tafuta onyesho hilohilo kwa Kenneth Branagh, 1996, muvi ya kama masaa manne maana karibu maandishi yote yamo. Hamlet wake anaongea mbele ya kioo, na nyuma ya kioo mfalme Claudius, ambaye ni ami yake, na mshauri wa mfalme Polonius wanamtazama. Rudi kitabuni sasa: wale wawili kweli wanajificha kabla hajaingia, ila je, wanasikia maneno yake, na yeye anajua wapo? Shakespeare hasemi. Swali hilo peke yake ni insha nzima, na usingelipata kwa kusoma muhtasari.

Ukiandika, ushahidi toa kwenye tamthilia, muvi itaje kwa jina la dairekta na mwaka, na useme wazi ni yeye aliyeamua hivyo.