Muujiza na bei yake: ninavyoandika riwaya ya fantasia, hatua kwa hatua

Miswada mingi ya fantasia ninayoletewa na vijana hapa Dodoma huanza na ramani. Kuna falme saba, kuna milima ya barafu, kuna upanga unaowaka moto. Nasoma kurasa kumi, kisha namuuliza mwenye mswada swali moja tu: huyu kijana, kila anapouchomoa huo upanga, anapungukiwa na nini? Mara nyingi jibu ni kwamba hapungukiwi na kitu. Basi hapo ndipo pa kuanzia kazi upya, kwa sababu msomaji hawezi kuingiwa na hofu kwa ajili ya mtu ambaye kila kitu anakipata bure.

Nimefanya kazi hii miaka kadhaa, na ninachokiamini kuliko vyote ni kwamba riwaya ya fantasia husimama juu ya bei ya muujiza. Muujiza wenyewe yeyote anaweza kuubuni. Hatua zifuatazo ndizo ninazozipitia mimi, na mfano nitakaoutumia ni wa riwaya yangu moja ambayo nyumbani tunaiita tu "ile ya vivuli".

Hatua ya 1: Orodhesha kinachokosekana mahali ulipo

Chukua daftari, kaa nje, andika vitu kumi ambavyo watu wa mahali pako huvipangia foleni, huvilinda au huvigombania. Usiandike vitu vya vitabuni. Andika unavyoviona.

Mimi nilianza na maji, kama ambavyo mtu yeyote wa huku angeanza. Dodoma hupata kati ya milimita 500 na 600 za mvua kwa mwaka, na karibu zote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Baada ya hapo korongo hubaki mchanga mtupu, na vijijini akina mama huchimba huo mchanga kwa kata mpaka maji yachuruzike. Karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilikuwa lazima ipite Ugogo, na kabla ya kuingia ilivuka nyika kavu iliyoitwa Marenga Mkali. Wakishavuka, watemi wa Ugogo waliwatoza hongo, yaani ushuru wa njia, ya vitambaa, shanga na nyaya ili wapite na wateke maji. Soma habari kama hiyo mara mbili, uone ilivyo tajiri: mtu ana shehena ya pembe za ndovu mabegani mwa wapagazi mia, lakini maisha yake yako mikononi mwa mwenye kisima.

Orodha yangu iliendelea: maji, malisho, kuni, kivuli. Nilipofika kwenye kivuli nikaweka kalamu chini. Kwa Kiswahili kivuli cha mbuyu na kivuli cha mtu ni neno lilelile. Kile tunachokikimbilia saa saba mchana na kile kinachotufuata nyuma ni kitu kimoja. Lugha ilikuwa imeshanipa nusu ya kitabu.

Hatua ya 2: Andika sheria ya muujiza kwa sentensi moja, kisha ibane

Sentensi yangu ilikuwa hii: *Anayeleta mvua hupoteza kivuli chake mpaka mavuno.* Ukishindwa kuisema sheria yako kwa sentensi moja, ujue bado hujaipata. Endelea kuitafuta kabla hujaandika sura hata moja.

Ukishaipata, ihoji kama wakili. Nani anafaidika? Nani anaibiwa? Nani anadanganya, na anadanganyaje? Mimi hujilazimisha kufikisha maswali ishirini, na majibu mazuri huanza kwenye swali la kumi na mbili hivi, baada ya yale ya kawaida kuisha. Kwenye riwaya ya vivuli niligundua kwamba matajiri hawataleta mvua wao wenyewe, watawatuma watoto wa maskini. Nikagundua kwamba kutakuwa na soko la vivuli, na dalali wake, na kipimo chake. Je, kivuli cha asubuhi, ambacho ni kirefu, kina bei kubwa kuliko cha adhuhuri? Baba mwenye watoto watano ataanza na yupi? Na msichana aliyerudi bila kivuli, posa yake itakuwaje?

Swali lililonipa shida kuliko yote lilikuwa la ushahidi. Utathibitishaje kwamba mtu hana kivuli, ikiwa adhuhuri kila mtu kivuli chake kiko chini ya nyayo? Nikasimika fimbo uani na kuanza kupima. Dodoma ipo kama nyuzi 6 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupita utosini kabisa mara mbili kwa mwaka: siku za mwanzo za Machi, na tena katika siku kumi za kwanza za Oktoba. Machi mawingu ni mengi. Oktoba anga ni safi, ardhi imekauka, kila mtu anaangalia mashariki akingoja mvua. Na jua halifiki utosini saa 6 kamili. Saa zetu zimepangwa kwa longitudo ya nyuzi 45 mashariki, nasi tupo magharibi yake, karibu na 36, hivyo Oktoba fimbo yangu ilipoteza kivuli kama saa 6:25.

Sikuwa na haja tena ya kubuni sikukuu. Siku moja ya Oktoba, kwa dakika chache, nchi nzima haina kivuli, na ndani ya dakika hizo asiye nacho na aliye nacho ni sawa. Hapo ndipo mikataba ya mvua inapofungwa, na hapo ndipo mhusika wangu Nyemo anapotoroka. Sura ya katikati ya kitabu ilitoka kwenye fimbo ya mita moja.

Hatua ya 3: Tembea kabla ya kubuni

Nenda Kolo, wilayani Kondoa, kwenye barabara ya Dodoma kwenda Babati. Michoro ya miambani ya Kondoa iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006. Utaona watu wembamba, warefu kupita kiasi, wenye vichwa vikubwa, wamechorwa kwa rangi nyekundu. Kaa mbele yao nusu saa bila simu. Mpaka leo baadhi ya mapango yale wenyeji huyatumia kwa maombi ya mvua na uponyaji, kwa hiyo ingia kwa adabu na umsikilize mwongozaji.

Kisha kaa na wazee. Mimi nilikwenda kwa bibi mmoja upande wa Mvumi. Nilimwamkia, nikakaa chini, na kwa saa nzima sikuuliza kitu kuhusu mvua. Tulichambua karanga. Mwishoni nikasema, "Bibi, naandika hadithi ya mvua, nataka nisikosee." Akanijibu, "Mjukuu wangu, mvua ina wenyewe. Wewe andika ya kwako, ya wenyewe waachie."

Niliyashika maneno hayo na sasa ni kanuni kwangu. Sichukui tambiko la kweli la Wagogo au la Warangi na kuliweka kitabuni lilivyo. Nachukua uzito wake, yaani ile hofu, ule utaratibu wa nani anatangulia na nani ananyamaza, kisha nabuni tendo jipya. Tofauti hiyo ni kubwa. Inawalinda wenye mila, nawe inakupa uhuru wa kubadilisha unachotaka.

Hatua ya 4: Fanya lugha yenyewe itende muujiza

Hapa nataka tukae muda mrefu kidogo, maana ndipo mwandishi wa Kiswahili ana mali ambayo wengi hawaitumii.

Chukua ngeli. Kitu kisicho na uhai kina upatanisho wake: *kivuli kilisimama ukutani*. Lakini kwenye ngano zetu hata kibuyu huweza kusema na kutenda kama sungura na fisi, na hapo upatanisho hugeuka kuwa wa viumbe: *alisema, akaondoka*. Katika riwaya ya vivuli, kwa sura tatu nzima niliandika *kivuli kilifuata, kivuli kilirefuka*, kama sarufi inavyotaka. Sura ya nne, mara moja tu, nikaandika: *Kivuli akageuka, akamtazama.* Nilipowasomea watu kwa sauti, walishtuka kabla hawajajua kwa nini. Silabi moja ilikuwa imekitia kitu uhai. Baada ya hapo nikaweka sheria: kivuli kinachotii ni *kivuli changu*, kivuli aliyejikomboa ni *kivuli wangu*. Nyemo anapoteleza na kusema *wangu* mbele ya dalali, amejisaliti, na msomaji anayasikia yote hayo kwenye herufi chache.

Onyo la kazi: mhariri mmoja alisahihisha sehemu hizo zote kwa nia njema, akidhani ni makosa. Ilinichukua wiki mbili kuzirudisha. Siku hizi kila mswada wangu unatanguliwa na ukurasa mmoja wa maelezo kwa mhariri, wenye orodha ya kila ninachokivunja kwa makusudi.

Chukua pia nyakati za vitenzi. *Hu-* itumie kwa sheria za ulimwengu wako: *mwenye mvua hulala macho wazi*. *-Ka-* itumie tukio linapokimbia: *akaruka ukuta, akaangukia mchangani, akanyanyuka*. Ukizichanganya ovyo, msomaji hatajua kipi ni desturi ya nchi ile na kipi kimetokea leo tu, na huo ndio mkanganyiko unaozifanya fantasia nyingi zichoshe.

Majina nayo yana masikio. Simama mahali mabasi yanapopakia, sikiliza makondakta: Nkuhungu, Ntyuka, Nzuguni, Ihumwa, Chilonwa. Hiyo ni sauti ya nchi hii. Andika silabi zake, zichanganye, utapata majina ambayo hayapo kwenye ramani ila mtu wa huku akiyasikia hayamkwami kooni. Usichukue majina yenye wenyewe. Mazengo, kwa mfano, alikuwa mtemi wa kweli wa Ugogo na jina lake lina historia yake.

Na usikilize lugha zinapogusana. Kwa Kigogo *malenga* ni maji. Kwa Kiswahili *malenga* ni bingwa wa utunzi. Nilipoliona hilo nilimpa mtunzi wa mashairi katika riwaya yangu kazi ya kulinda kisima, na sikumweleza msomaji sababu. Atakayejua atafurahi, asiyejua hatapungukiwa.

Hatua ya 5: Andika rasimu ya kwanza haraka na kwa mkono

Ninatumia kaunta buku na kalamu ya wino wa bluu, kuanzia saa 11 alfajiri mpaka saa 1 asubuhi, kabla joto na watu havijaamka. Lengo ni maneno 500. Kwa siku 160 hiyo ni 80,000, yaani riwaya. Sisomi nyuma isipokuwa aya ya mwisho ya jana. Nikikwama kwenye jina au kipimo naandika ALAMA kwa herufi kubwa na kusonga mbele. Hakuna la zaidi la kusema kuhusu hatua hii, ila kwamba wanaoiruka ndio wengi.

Hatua ya 6: Soma kwa sauti mbele ya watu watatu tofauti

Wachague hivi: mmoja mwenye umri wa kukuita mjukuu au mwanangu, mmoja mwanafunzi wa sekondari, na mmoja anayefanya kazi ya mikono na hana mazoea ya vitabu. Wangu wa tatu ni fundi cherehani, na nimemsomea nikiwa nimekaa kwenye benchi lake huku akishona.

Usiwaulize kama wamependa. Watasema ndiyo, kwa heshima. Angalia mwili. Penye ukingo wa ukurasa, weka nukta kila msikilizaji anapojigeuza, anapochukua simu, anapoanza kusema na mwingine. Fundi wangu ndiye kipimo changu cha kweli: sehemu ikimkamata, mguu wake husimama juu ya pedali na cherehani hunyamaza. Nukta tatu kwenye ukurasa mmoja, ukurasa huo nauandika upya wote. Cherehani ikinyamaza, siugusi.

Ukimaliza kusoma, uliza swali moja: "Kama ni wewe, ungelipa?" Wakianza kubishana wao kwa wao juu ya kama wangetoa kivuli ili watoto wapate kula, bei yako imesimama. Bibi wa Mvumi alisema angetoa cha kwake leo hii, maana amekwisha kukitumia vya kutosha. Maneno hayo nilimwomba ruhusa, nikayaweka kwenye kinywa cha mama yake Nyemo.

Hatua ya 7: Peleka kazi nje, na ujilinde

Sajili kazi yako COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Ukichapisha mwenyewe, namba ya ISBN, ile ya kukitambulisha kitabu, hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Mkataba wa mchapishaji usome na mtu mwingine pembeni, uangalie mambo matatu: mrabaha, yaani fungu lako kwenye mauzo, ni asilimia ngapi na ya bei ipi, haki unazitoa kwa miaka mingapi, na kitabu kikiisha sokoni haki zinarudi lini. Mchapishaji mmoja alikaa na mswada wangu miaka miwili bila jibu, kwa hiyo sasa naandika tarehe ya mwisho kwenye barua ya kwanza kabisa.

Tuzo nazo zipo. Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ilianza kutolewa mwaka 2023. Ile inayoitwa Safal-Cornell ilianzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, nayo hupokea miswada ambayo haijachapishwa. Soma masharti ya mwaka husika, hesabu maneno yako, tuma wiki moja kabla ya siku ya mwisho.

Na kaunta buku zile za rasimu usizitupe. Zangu nimezifunga kwenye mfuko wa nailoni na kuzipeleka kwa dada yangu Mpwapwa, ili nyumba yangu ikipatwa na moto au mchwa, hadithi ibaki na pa kuanzia.