Kutengeneza etha za mafuta kutokana na gliseroli ya bayodizeli

Kila kilo 100 za bayodizeli huacha karibu kilo 10 za gliseroli, ambayo haichanganyiki na dizeli. Ikiunganishwa na tert-butanoli (aina ya alkoholi) mbele ya kichocheo kigumu cha asidi, hugeuka kuwa etha, yaani molekuli ambamo oksijeni huunganisha sehemu mbili za kaboni. Etha yenye kikundi kimoja cha butili (sehemu inayotoka kwenye tert-butanoli) bado hupenda maji. Zenye viwili au vitatu ndizo zinazoyeyuka kwenye dizeli. Hizo ndizo tunazozitafuta.

Kazi nyingi huharibika kabla hata moto haujawashwa, kwa sababu ya sodiamu. Kichocheo tunachotumia ni resini ya Amberlyst-15 (punje za plastiki zenye asidi), ambayo kila kilo yake kavu ina takriban moli 4.7 za asidi. Gramu 7 zina moli 0.033 tu, na gramu 0.76 za sodiamu zinatosha kuzizima zote. Gliseroli ghafi ina sabuni na mabaki ya kichocheo cha bayodizeli. Kuitia asidi huondoa sabuni, lakini chumvi yenye sodiamu hubaki imeyeyuka humo humo. Ikenekeni (ichemsheni na kukusanya mvuke wake uliopozwa) chini ya mgandamizo mdogo, au nunua iliyosafishwa. Msiichemshe kwa mgandamizo wa kawaida: huchemka kwenye nyuzi 290 na kutoa akrolini, mvuke wa sumu unaochoma macho na mapafu.

Kausha resini kwenye oveni kwa nyuzi 100 usiku kucha. Pima:

- gliseroli kavu, gramu 92 (mililita 73)
- tert-butanoli, gramu 296 (mililita 380)
- resini kavu, gramu 7

Tert-butanoli huganda chini ya nyuzi 25, kwa hiyo pasha chupa yake kwenye maji ya uvuguvugu. Mvuke wake hushika moto upesi: fanya kazi ndani ya kabati la kuvuta hewa, bila moto wa wazi.

Weka vyote kwenye chupa ya duara yenye kondensa (bomba la kupoza mvuke), shikilia nyuzi 75 kwa saa 6 hadi 8. Koroga kwa kikorogeo cha juu, kwani sumaku ya chini husaga punje za resini na kuziba chujio.

Kila kifungo cha etha huzaa molekuli moja ya maji, na maji hayo hurudisha mmenyuko nyuma. Ndiyo maana mzunguko wa kwanza huishia kwa wingi kwenye etha ya kikundi kimoja. Kuongeza saa hakusaidii. Chuja resini kwanza, kisha kenekea alkoholi, ambayo huondoka pamoja na maji karibu na nyuzi 80. Resini ikisahauliwa humo, etha huvunjika na kutoa gesi ya isobutilini. Ongeza alkoholi mpya iliyokauka na resini safi, rudia.

Mwishoni, baada ya kukenekea tena alkoholi, osha mchanganyiko kwa maji. Gliseroli iliyobaki na sehemu kubwa ya etha ya kikundi kimoja huenda na maji. Ondoeni maji hayo, kisha rudisheni gliseroli na etha hiyo kwenye mzunguko ujao. Tabaka la juu ni mafuta yako: likaushe kwa salfeti ya magnesiamu, lichuje.

Resini iliyochoka isafishwe kwa methanoli, kisha asidi ya hidrokloriki ya moli 1 kwa lita, kisha maji hadi karatasi ya pH isionyeshe asidi. Badala ya tert-butanoli, etanoli ni rahisi kupatikana, lakini huhitaji nyuzi 160 na zaidi, na Amberlyst-15 haivumilii kupita 120.