Kushuka mto Ardèche kwa mtumbwi na kuizunguka Vallon-Pont-d'Arc, hatua kwa hatua

Vallon-Pont-d'Arc ni kamji kadogo kusini mwa Ufaransa, mkoa wa Ardèche, wakazi elfu mbili na kitu tu, lakini ikifika Julai na Agosti kanafurika wageni mpaka pa kupaki gari unapakosa. Mimi kila kiangazi napiga kazi ya msimu hapa, kukodisha mitumbwi na kusindikiza watu mtoni, na swali ninaloulizwa sana na ndugu zetu wanaoshuka kutoka Paris, Brussels au London ni hili: nina siku mbili tatu, nifanye nini? Jibu langu halibadiliki. Panga mto kwanza, mengine yote yaufuate mto. Wengi wanafanya kinyume, wanabuku hoteli, wanapanga kuzunguka vijiji, mto wanaupa masaa mawili ya mwisho, wanapiga picha pale Pont d'Arc, daraja la asili la mwamba juu ya mto, wanaondoka, na korongo lenyewe hawajaliona kabisa.

Hatua ya 1: Chagua mwezi

Mwisho wa Mei na Juni ndio penyewe. Maji yapo ya kutosha, jua limeshachangamka na watu bado si wengi. Julai na Agosti maji yanapungua, mtumbwi unakwaruza kokoto, kuna sehemu itabidi mshuke muusukume, afu foleni ya mitumbwi chini ya daraja acha tu. Septemba mwanzoni nayo poa sana. Ila kuanzia hapo mpaka Novemba kuwa makini na mvua ambazo wenyeji wanaziita épisodes cévenols: hewa ya joto yenye unyevu inatoka bahari ya Mediterania, inapanda milima ya Cévennes, inamwaga mvua nyingi mno kwa masaa machache na mto unajaa ghafla hata kama hapo ulipo jua linawaka. Mafuriko ya Septemba 1890 yanasimuliwa mpaka leo. Kwa hiyo ukiambiwa leo hatushuki, usibembeleze, rudi kesho.

Hatua ya 2: Amua umbali, afu buku kambi

Kuna safari tatu. Ya kwanza kama kilomita 8, Vallon mpaka Chames, inapita chini ya Pont d'Arc na inakula nusu siku, hii ni ya wenye watoto. Ya pili kilomita 24, Chames mpaka Sauze pale Saint-Martin-d'Ardèche. Ya tatu ni zote mbili kwa pamoja, kilomita 32. Watu wenye mikono ya kazi wanaimaliza 24 kwa siku moja, lakini mimi nakushauri kwa moyo wote chukua 32 kwa siku mbili, maana ukikimbizana na saa utakuwa unaangalia mgongo wa mwenzako badala ya kuangalia kuta za korongo, na kuna mahali kuta zinafika kama mita 300.

Kutoka Chames kwenda chini unaingia hifadhi ya asili ya taifa, ipo tangu 1980. Ndani hakuna kijiji wala duka. Kulala kunaruhusiwa sehemu mbili tu, Gaud na Gournier, na lazima ubuku kabla, usije ukajidanganya kwamba utatandika hema pwani yoyote ukaachwa, wahifadhi wanapita. Kwa Juni mpaka Agosti tafuta nafasi miezi kadhaa kabla, na tarehe ya kambi ndiyo iamue tarehe ya hoteli, siyo hoteli iamue kambi.

Masharti: kila mtu ajue kuogelea, na mtoto awe amefikisha miaka 7. Hapo hakuna mjadala.

Hatua ya 3: Kufika

Treni haifiki Vallon. Unashuka Montélimar halafu unapanda basi, mara nyingi kwa kubadilisha Aubenas, kwa hiyo cheki ratiba kabla hujakata tiketi ya treni maana mabasi ni machache, hasa Jumapili. Mkiwa watu wanne kukodi gari ni nafuu zaidi na mtalihitaji siku ya mwisho.

Hatua ya 4: Ona pango kabla ya mto

Hii watu wanairuka na inaniuma. Desemba 18, 1994, watu watatu, Jean-Marie Chauvet, Éliette Brunel na Christian Hillaire, walijipenyeza kwenye upenyo wa jabali karibu na Pont d'Arc wakakuta pango lenye michoro ya miaka kama 36,000. Pango lenyewe huwezi kuingia, wamelifunga kwa sababu kule Lascaux, pango lingine la michoro hapa Ufaransa, pumzi za watalii ziliharibu michoro mpaka ikabidi pafungwe 1963. Badala yake walijenga nakala juu ya mji, ikafunguliwa 2015, mwaka mmoja baada ya pango halisi kuingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO.

Usiseme ah, nakala tu. Ingia. Kuna simba, vifaru, mamothi, dubu, farasi, zaidi ya wanyama 400. Mimi kila nikipeleka mtu namsimamisha kwenye ukuta wa farasi: vichwa vinne vya farasi vimepangana, kwa chini vifaru wawili wanapigana pembe kwa pembe, na mchoraji amekwangua ukuta pembeni ya mistari ili weupe wa mwamba uikoze sura. Simba wao hawana manyoya ya shingoni hata madume. Mtu aliyekulia nchi yenye simba na vifaru anaangalia michoro hii kwa jicho lingine kabisa, anajua mnyama akinyemelea mabega yanakaaje, na huyo mchoraji naye alijua.

Tiketi ni za saa maalum, nunua mtandaoni. Beba sweta, ndani kuna ubaridi. Kesho yake ukipita mtoni jabali lilipo pango halisi litakuwa palepale karibu yako, ndiyo maana nasema pango kwanza.

Hatua ya 5: Funga pipa vizuri

Kila mtumbwi unapewa pipa la plastiki lenye mfuniko wa kuzungusha. Vitu vyote vinaingia humo. Kabla hujafunga, pitisha kidole kwenye ule mpira wa mfuniko uondoe mchanga wote, punje chache zinatosha kupitisha maji, afu kaza, ligeuze juu chini ulitikise. Simu na hati za kusafiria zitie kwanza kwenye mfuko mwingine wa plastiki. Pipa lifungwe kwa kamba kwenye mtumbwi, lisiachwe linacheza.

Vaa viatu vinavyobana mguu, raba za zamani ni bora kuliko chochote, ndala zitaondoka na maji. Kofia, krimu ya jua, lita mbili za maji kwa kila mtu angalau, chakula ambacho hakihitaji kupikwa. Kuhusu moto, huko kiangazi ni kukavu na msitu unashika haraka, usiwashe popote nje ya paliporuhusiwa.

Hatua ya 6: Namna ya kupiga kafi

Aliye mzito au mzoefu akae tezi, yaani nyuma, huyo ndiye anayeongoza. Wa omo, yaani wa mbele, kazi yake ni mwendo na kupiga kelele akiona jiwe. Boya la kuvaa mwilini limefungwa muda wote, hata kwenye maji tulivu.

Ukikaribia maji ya kasi, na la kwanza kubwa ni Charlemagne, kabla tu ya daraja, angalia mbele utaona ulimi wa maji laini wenye umbo la V, ncha yake inaelekea chini. Huo ndio mlango. Nyoosha mtumbwi uuelekee na muendelee kupiga kafi, wote wawili, maana mtumbwi usio na mwendo hauongozeki. Mkielekea kugonga jiwe kwa ubavu, mwili unataka kulikimbia jiwe. Usiukubali. Egemea kwenye jiwe lenyewe, hata ulikumbatie, ukiegemea upande maji yanakotoka yanaingia ndani na mnapinduka papo hapo.

Mkipinduka, laleni chali, miguu mbele kuelekea maji yanakokwenda, na msijaribu kusimama mpaka maji yatulie kwa sababu mguu ukinasa katikati ya mawe ndiyo hatari yenyewe. Mtumbwi ushikeni kwa nyuma, kamwe msiwe kati yake na jiwe.

Pont d'Arc yenyewe ina urefu wa mita 54 hivi kwenda juu na upana wa kama 60. Zamani mto ulikuwa unazunguka mbali, ukatoboa ukuta wa chokaa ukajikatia njia ya mkato. Pita taratibu, pumzika ufukweni, kuogelea hapo ni kutamu.

Hatua ya 7: Ndani ya korongo

Baada ya Chames kuna Dent Noire, jiwe jeusi limesimama katikati ya maji ya kasi. Kama hujiamini shuka utembee pembeni, hakuna aibu. Gaud inakuja kwanza, Gournier iko mbele zaidi, na mimi napendelea Gournier kwa sababu siku ya pili inabaki fupi. Usiku chakula kirudishwe kwenye pipa, nguruwe pori wapo. Baada ya Gournier kuna sehemu watu wanaota jua uchi kabisa, inaruhusiwa, nakuambia mapema hasa ukiwa na wazazi au wakwe ili kila mtu ajiandae kuangalia upande wa pili. Halafu utaona mwamba mkubwa unaoitwa Cathédrale, ukifika hapo umekaribia. Sauze mnakabidhi mitumbwi na basi la kituo mlichokodi mitumbwi linawarudisha Vallon, ulizeni saa ya basi la mwisho kabla hamjaondoka asubuhi ya kwanza.

Hatua ya 8: Siku iliyobaki

Mabega yatauma, kwa hiyo siku hii ni ya gari. Barabara ya D290 inapita juu ya korongo na ina vituo vya kutazamia, anza saa mbili asubuhi kabla mabasi hayajaja, simama Serre de Tourre hata kama vingine utaviruka. Malizia Aiguèze, kijiji cha mawe juu ya jabali ng'ambo ya Saint-Martin. Njiani nunua picodon, jibini ndogo ya mbuzi ya huku, na chochote cha chestinati, njugu za miti ya huku.

Wenye miguu ya kutembea kuna njia ya chini kabisa kando ya mto, Chames mpaka Sauze, siku mbili, ila kuna sehemu mnavuka mto kwa miguu, kwa hiyo kiwango cha maji muulize siku hiyohiyo asubuhi, na kambi ni zilezile mbili, nazo zinabukiwa vilevile.