Picha kali za bidhaa kwa simu yako tu

Jamani wauzaji wenzangu wa mtandaoni, kabla hujawaza kamera futa kwanza lenzi ya simu kwa kitambaa laini, mafuta ya vidole ndo yanaleta ule ukungu. Halafu mwanga, hapa ndo penyewe. Dar jua la saa sita linakuwa utosini, vivuli vikali na rangi inapauka, kwa hiyo piga saa mbili mpaka saa nne asubuhi au kuanzia saa kumi jioni, weka mzigo pembeni ya dirisha na uzime taa ya ndani kabisa, maana ukichanganya taa na mwanga wa nje shati jeupe linatoka la njano na mteja akipokea anakwambia sio hili. Nyuma bandika karatasi ngumu ya manila nyeupe, ianzie ukutani ishuke mpaka mezani bila kuikunja, upande wenye kivuli simamisha nyingine irudishe mwanga. Usizumu, sogea wewe. Viatu vya mtumba vya soko la Karume onyesha soli na hata kamkwaruzo kadogo, hili nasisitiza sana, mteja wa Mbeya hawezi kuja kukagua. Na piga moja umekishika mkononi, aone ukubwa.